Mzee Lawama na Boksi la Besi

Mzee mmoja aliyesuka mota kwa miaka thelathini katika kiwanda cha sabuni alikuwa na jibu moja kwa kila swali la dunia: wakubwa. Bomba likikauka, wakubwa. Mkate ukipungua unene, wakubwa. Hata mvua ikinyesha siku aliyoanika nguo, alijua namna ya kuifuata mvua hiyo hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwa mtu fulani mwenye kiti cha kuzunguka. Na tusimwonee, mara nyingi hakukosea. Kiwanda kile kiliuawa na watu wa tai, si watu wa ovaroli, na siku ya kufungwa watu wa tai waliondoka na magari, watu wa ovaroli wakaondoka na ovaroli.

Mkewe alipougua, mashine aliyoihitaji hospitalini ilikuwa mbovu kwa mwezi wa pili. Mzee alimuuliza muuguzi ni nani wa kuitengeneza. Si mimi, kamuulize daktari. Daktari naye, si mimi, kaulize stoo. Stoo, si mimi, kaulize huko juu. Huko juu alikuta mlango umefungwa na feni inazunguka ndani, inampepea nani haijulikani. Mkewe hakuweza kusubiri mlango ufunguliwe. Tangu hapo, miaka mitatu sasa, mzee aliishi na saa ya ukutani na redio. Saa ilimgongea, redio alibishana nayo.

Majirani walimbandika jina la Mzee Lawama. Alilijua, na alishasema kwamba lilitungwa na ofisi ya mtaa.

Kitindamimba wake, binti, alikuwa fundi baiskeli. Jioni alipiga ngoma katika bendi ya panki, muziki ule wa haraka na wa makelele, wa nyuzi tatu na pumzi moja, unaopigwa na watu ambao hawakungoja mtu awafundishe wala awaruhusu. Kila Jumapili alikuja kumsalimu babake, na kila Jumapili aliondoka masikio yamejaa pomoni. Jumapili moja, baba akiwa katikati ya kulihukumu shirika la umeme, binti akaweka kikombe chini.

"Baba, maneno yote haya yanapotea bure humu ndani. Njoo ulalamike kwetu bandani. Huko lawama zinapewa kazi."

Mzee alidhani anataniwa. Lakini Jumatatu asubuhi saa ilipogonga, akajikuta anazihesabu zile ngo, ngo, ngo kama mfungwa, akavaa viatu akatoka.

Banda lenyewe lilikuwa la bati, nyuma ya duka la mbao. Ndani palikuwa na vurugu yenye mpangilio, kama jiko la mtu anayejua kupika. Ngoma za bintiye zilikuwa mapipa ya rangi yaliyowambwa turubai la lori. Mpiga besi, kinyozi mrefu mwembamba wanayemwita Msumari, alikuwa amechonga gitaa lake kwa ubao wa kitanda, na nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli. Mwimbaji alikuwa mshonaji wa kike, koti lake limejaa pini za nepi kuanzia begani mpaka kiunoni, kwa hiyo jina lake likawa Pini. Yeye ndiye aliyepiga pia gitaa dogo, na ndiye aliyechapa mabango ya bendi kwa fremu ya dirisha iliyowambwa pazia jepesi. Walikuwa pia na kijarida chao cha kurasa nane, ambacho mgongo wake walikuwa wakiushona kwa cherehani, nakala mia, usiku mmoja na chupa ya chai.

Mzee alisimama katikati ya banda akatafuta mtu wa kumlalamikia. Ilikuwa tabia yake, mahali popote alitaka kwanza kujua nani yuko juu.

"Mkubwa wenu nani hapa?"

Wakatazamana.

"Mkubwa kwa urefu?" Pini akauliza. "Ni huyu Msumari."

"Mkubwa wa kazi. Msimamizi."

"Hatuna, mzee wetu. Tulikosa mtu mwenye muda."

Basi mzee akasema kwamba ndiyo maana mlango wao unaning'inia kama jino la mtoto. Hakuna aliyekasirika. Msumari alimwonyesha ukutani, palipoandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono: UKIONA KIBOVU, TENGENEZA. UKITENGENEZA, ANDIKA. Kisha akampa bisibisi na bawaba mbili. Mzee alizitazama bawaba, akautazama mlango, akafungua kinywa kusema kwamba yeye ni mgeni, na kabla hajamaliza kulifikiria neno hilo alikuwa ameshapiga goti.

Wiki ile alilalamikia dirisha, akalitengeneza. Alilalamikia soketi iliyokuwa ikitoa cheche, akaibadilisha. Alilalamikia ngazi, meza, na namna Msumari anavyokunja waya kama anakunja sambusa. Kila lawama ilirudi mikononi mwake ikiwa kazi. Jioni alifika nyumbani amechoka vile viungo vinavyofurahi kuchoka, akalala kabla redio haijapata nafasi ya kumchokoza. Wiki ya pili alikuwa anatoka nyumbani kabla ya saa mbili. Wiki ya tatu aligundua, akiwa amejipaka sabuni kichwani, kwamba anaimba. Akanyamaza mara moja, kama mtu aliyefumaniwa.

Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni lile neno la mwisho ukutani. Kuandika.

Kanuni ya banda ilikuwa hivi: ukigusa kitu, unachukua chaki unaandika juu yake umefanya nini, unaweka jina lako. Kwa sababu wote walikuwa mafundi wa kila kitu, bila hivyo wangekuwa wanafumuana kazi. Binti yake aliandika juu ya ngoma, Msumari aliandika juu ya swichi, Pini aliandika kila mahali, kwa mwandiko wa kulala kama nyasi za upepo. Mzee aliishia darasa la nne. Kusoma alisoma, polepole, lakini herufi zake zilitoka kubwa na za kupepesuka, na hakutaka vijana wazione. Tena si hilo tu. Kiwandani, msimamizi alikuwa na daftari jeusi. Mota ikiungua, aliuliza nani aliigusa mwisho, na aliyesema "mimi" jina lake liliingia daftarini, na jina likiingia mara tatu, mwenye jina hakuonekana tena getini. Miaka thelathini mzee hakuwahi kuandikwa, kwa kuwa miaka thelathini hakuwahi kusema. Alijifunza kutazama dari. Wote walijifunza. Mafundi hodari mia mbili wakitazama dari, na daftari la wakubwa wenyewe halikuwahi kufunguliwa na mtu.

Kwa hiyo bandani alitengeneza, akampa bintiye chaki, akasema miwani ameisahau. Binti aliandika bila kuuliza. Ila siku moja, wakifunga mlango, alimweleza babake juu ya mpiga gitaa waliyekuwa naye mwanzo. Alikuwa fundi wa vidole, hapana wa kumfikia. Aliunguza amplifaya, akakaa kimya siku tatu huku wenzake wakilumbana wao kwa wao, Msumari akimshuku Pini, Pini akimshuku Msumari. Walipojua, walimpa mkono wa kwaheri.

"Kwa kuunguza?" mzee aliuliza.

"Kuunguza tunaunguza kila siku, baba. Kwa kukaa kimya."

Mzee alilimeza hilo na mate yake, lakini halikushuka vizuri.

Onyesho lao la kwanza kubwa lilipangwa Jumapili, saa tisa alasiri. Waliomba ukumbi wa halmashauri. Ofisa alitaka fomu yenye mhuri wa ofisa mwingine, ambaye yuko likizo, na mhuri ameondoka nao. Mzee alikwenda mwenyewe kusema naye na aliyoyasema hayaandikiki. Vijana hata hawakuketi kusikitika. Walitoa mbao zote nje, wakasugua sakafu, wakachapa mabango mapya: onyesho ni hapahapa bandani, kila mtu aje na kiti chake.

Kasoro ilibaki moja. Boksi la besi. Lilikuwa boksi la mbao, jeusi, kubwa kama jeneza la mtu mnene, na ndani yake spika mbili za mtumba zilizokaa ubavu kwa ubavu. Ijumaa walipolijaribu lilitoa sauti nyembamba, sauti ya nzi ndani ya chupa. Msumari alipiga kwa nguvu mpaka vidole vikavimba, besi haikuja. Kila mmoja alikuwa na dhana yake, jioni ikawakuta bado wanadhani.

Jumamosi mchana vijana walitoka kubandika mabango, mzee akabaki na boksi. Alilizunguka. Aliweka kiganja juu ya spika ya kushoto, kisha ya kulia, huku redio ndogo ikipitishia muziki humo ndani. Akahisi kitu. Akafungua mfuniko wa nyuma, skrubu ishirini na nne, akachukua betri ya tochi na kuigusisha kwenye nyaya za spika ya kushoto. Ngozi ya spika ikaruka mbele. Akaigusisha vilevile kwa ile ya kulia. Ikarudi nyuma.

Mzee akacheka peke yake. Spika hizi zilikuwa zinafanya kama wasimamizi wawili wa zamu moja: huyu anasukuma, yule anavuta, kazi inakufa katikati. Akageuza nyaya za spika ya kulia, akajaribu tena kwa betri, zote mbili zikaruka mbele pamoja kama askari. Akarudisha mfuniko, skrubu zote ishirini na nne.

Chaki ilikuwa juu ya boksi. Aliishika. Hakukuwa na mtu wa kumpa akamwandikia. Aliona herufi zake zikipepesuka kwenye ule weusi, mbele ya watu wote kesho, na nyuma ya herufi aliliona lile daftari. Kisha likaja wazo tamu: asiandike kitu. Kesho Msumari atagusa uzi wa kwanza, besi itawapiga kifuani, watashangaa, watageuka kuulizana, na yeye atakuwa amekaa tu pembeni anajikuna kidevu. Akaiweka chaki chini, akaenda zake nyumbani na mluzi.

Jumapili asubuhi umeme ulikatika mtaa mzima. Hakuna aliyetangaziwa, kama kawaida yao. Vijana walifika bandani na hawakuweza kujaribu chombo chochote. Waliosha, walifagia, waliomba. Mzee aliposikia hakuwa na wasiwasi. Alikwenda kunyoa, akavaa shati aliloshonewa na mkewe, akafika saa nane na nusu. Watu walikuwa wameanza kuingia na viti vyao: viti vya plastiki, vigoda, kreti, kiti cha ofisi kisicho na mguu mmoja, na kinyozi mmoja anayefanya kazi na Msumari alikuja na kiti kizima cha kinyozi juu ya mkokoteni. Mama mmoja wa jirani mwenye kigoda alikaa mbele kabisa, akasema amekuja ili wakimkera wamwone.

Saa nane na dakika hamsini umeme ukarudi. Watu wakaushangilia kama umefanya wema.

Pini alihesabu nne, wakaingia. Ngoma zilikuja, gitaa lilikuja, na besi ikaja ile ile ya nzi ndani ya chupa.

Mzee aliacha kujikuna kidevu. Waliendelea mpaka mwisho wa wimbo, dakika mbili, halafu Msumari akautazama ubao wake wa kitanda kama aliyesalitiwa na ndugu. Binti aliweka vijiti chini. Watu walianza kunong'ona. Yule mama wa kigoda alisema kwa sauti kwamba yeye alidhani panki ni kelele, kumbe ni mbu.

Mzee alisogea mpaka kwenye boksi, na hapo akaona kitu ambacho jana hakikuwapo. Kwa chaki, kwa mwandiko wa kulala: *Spika ya kushoto. Nyaya zilikuwa kinyume. Nimegeuza. Pini.*

Alielewa yote kabla hajamaliza kusoma, yeye msomaji wa polepole. Pini amelala na swali lile Jumamosi, ameamka na jibu, jibu sahihi kabisa. Asubuhi kabla ya mzee kufika amelitazama boksi, hakuna maandishi. Na bandani kwao, pasipo na maandishi hapajaguswa. Akafungua skrubu ishirini na nne, akageuza ya kushoto. Jana mzee kageuza ya kulia. Spika zimerudi kule kule kwenye ugomvi wao. Boksi limetengenezwa na mafundi wawili, kila mmoja kwa ufundi, na ubovu umebaki uleule.

"Umeme wao huo," mzee alijisikia akisema. "Umerudi dhaifu. Spika kubwa haiwezi kunywa umeme wa maji."

Si kwamba alipanga kusema. Ulimi ulijiendea njia yake ya siku zote. Na watu wakapokea kwa furaha. Mmoja akasema kweli, hata friji yake inalia. Mwingine akasema hao waje wanyolewe bila maji. Banda zima likawa na mkubwa wa kumlaani, na kwa muda kidogo mzee alisikia raha ya zamani, ile ya kutazama dari na wenzako mia mbili. Angeweza kuketi. Hakuna ambaye angejua mpaka kiyama.

Lakini Pini hakulaani mtu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi.

"Si umeme. Amplifaya inasoma sawasawa," alisema, na sauti yake ilikuwa chini. "Ni mimi. Mimi ndiye wa mwisho kuligusa. Nilidhani nimeelewa." Akavuta mkono wa koti na kuanza kufuta maandishi yake. "Msumari, tulitoe nje, tupige bila besi. Na nyaya sizigusi tena. Nitabaki na sindano zangu."

Alisema vile kama mtu anayekubali kipimo cha nguo. Mzee aliyaona maneno yakiondoka chini ya mkono wake: *Nimegeuza* likaenda, *kinyume* likaenda. Pini alikuwa amefanya kwa kichwa chake, bila betri wala miaka thelathini, jambo ambalo mafundi wa kiwandani walihitaji kuonyeshwa mara mbili. Na sasa analitupa. Mzee akamtazama bintiye nyuma ya ngoma. Akaona nyumba yake, na saa, na redio, na Jumatatu asubuhi. Kitu kilimwambia nyamaza, umri umekwenda, utakwenda wapi wakikutoa. Kitu hicho kilikuwa na sauti ya msimamizi.

Akamshika Pini kiwiko.

"Usifute," alisema. "Wewe umepatia. Ni mimi."

Hakusikika vizuri. Yule mama wa kigoda akamwambia aseme kwa sauti, watu wamekuja na viti.

"Ni mimi," mzee akarudia, na safari hii lilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, likagonga mabati. "Jana niligeuza ya kulia. Sikuandika. Yeye asubuhi akageuza ya kushoto, ametengeneza kilichokwisha kutengenezwa. Kosa si lake, na umeme pia nimeusingizia. Ingawa nao wana yao."

Msumari alikodoa macho. Pini alibaki na mkono wa koti mweupe kwa chaki. Binti aliinuka nyuma ya mapipa yake, akapita katikati ya nyaya, akaja mpaka mbele ya babake, akamtazama usoni kwa namna ambayo mzee aliijua. Ilikuwa ya mamake.

"Kwa nini hukuandika?"

"Mwandiko wangu mbaya."

"Hiyo tu?"

"Na nilitaka mnishangae."

Msumari ndiye aliyeanza. Kilianza kama kikohozi, kikaishia kuwa kicheko kilichomkunja mara mbili na urefu wake wote, Pini akadakia, na watu wakapokea, mpaka mwenye kiti cha kinyozi akawa anazunguka nacho. Binti hakucheka mara moja. Aliokota chaki, akaiweka kwenye kiganja cha babake na kukifumba.

"Haya. Andika, halafu utengeneze. Tunakungoja. Na nyinyi mngojee," akawaambia watu, "fundi anaandika."

Wakamngoja. Ilikuwa ajabu, banda zima la watu waliokuja kurukaruka wakimtazama mzee aliyepiga goti akichora herufi. Alianzisha chini ya maandishi ya Pini. Herufi zilipepesuka kweli, moja ilitaka kudondoka kwenye ukingo, lakini zilifika. Banda zima lilikuwa likisoma kila moja ilipozaliwa, kama watoto wa darasa la kwanza: *Spika ya kulia. Niligeuza jana. Sikuandika.*

Kisha wakafungua skrubu. Pini alichukua bisibisi ya pili, mmoja juu mmoja chini. Ulipofika wakati wa kugeuza, Pini akataka arudishe ile yake ya kushoto, maana yoyote ikigeuzwa mambo yatakuwa sawa.

"Iache ya kwako ilivyo," mzee alimwambia. "Iliyoandikwa ndiyo iliyofanyika. Nafumua yangu."

Akaomba betri ya tochi, akamwita yule mama wa kigoda aje aone kwa macho yake, asije akasema mbu tena. Mama akainama na kigoda chake mkononi. Mzee akagusisha betri huku, ngozi ikaingia ndani. Akagusisha kule, nayo ikaingia ndani. Zote mbili, pamoja, kwa heshima. Mama akasema kumbe zinapumua. Watu wa nyuma wakataka nao waone, basi ikabidi betri ipigwe mara kumi, viti vikapandwa, na aliyekuwa hajui spika ni nini alirudi kukaa akiwa anawafundisha wengine.

Mfuniko uliporudi, mzee akachukua chaki kumalizia. Aliandika *Nimerudisha*. Mahali pa jina alisita. Jina lake la vyeti halikujulikana na mtu pale ila bintiye, na jina la mtaani hakutaka kulipa heshima ya kuandikwa. Akaandika *Ni mimi*, akapiga mstari chini.

Pini aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama na gitaa. Akamgeukia Msumari, akamwambia kitu sikioni. Msumari akauliza kwa nyuzi gani. Akajibiwa zile zile tatu, zingine watazipata wapi. Binti akagonga vijiti mara nne.

Wimbo huo haukuwa umetungwa. Ulitungwa ukiwa unapigwa, kama mtu anayejenga ngazi huku anaipanda. Pini alipaza sauti kwamba kikombe kimevunjika, nani, na binti nyuma ya ngoma akajibu ni mimi. Shati limeungua, nani. Ni mimi. Mara ya tatu mwenye kiti cha kinyozi alikuwa anajibu, mara ya nne banda lote. Nani alisahau mchele kwenye moto. Nani alimla kuku wa jirani. Mama wa kigoda akasimama juu ya kigoda, akapaza ni mimi kwa makosa ambayo hakuna aliyeyauliza, na mengine yalimhusu mumewe, aliyekuwa amekaa palepale kwenye kreti.

Na besi. Besi ilikuja sasa, haikuingilia masikioni. Ilipita sakafuni, ikapanda miguuni, ikawakuta watu tumboni. Bawaba zililia. Vumbi la mbao lililojificha miaka kwenye paa likaanza kuwashukia kama unga. Msumari alifumba macho, akipiga nyaya zile za breki kwa mkono mmoja uliolegea, hana haja tena ya kugombana nazo.

Nguvu ilikuwa kubwa mno kwa boksi lenyewe. Likaanza kutembea. Kila pigo lilisogea inchi moja kuelekea watu, likivuta waya wake, na bado kidogo ling'oe plagi. Mzee aliliona kabla ya wote. Alitazama kama kuna mtu karibu wa kuambiwa, kisha akaenda mwenyewe, akaligeuzia mgongo, akalikalia.

Alitetemeshwa kuanzia visigino mpaka meno. Shati lake lilicheza peke yake. Bintiye alimtupia jicho kutoka nyuma ya mapipa, jasho likimchuruzika, akamkonyeza, akaongeza mwendo. Pini akauliza nani tena, na mzee, akiwa amekamata kingo za boksi kwa mikono miwili kama mpanda punda, akajibu na wenzake kwa sauti iliyokatikakatika, na akakaa pale nyimbo kumi na moja zote zilizobaki, mpaka mwisho.